Anunuaye Nyumba Iliyo Rehani Aanzie Benki

Kuna njia moja ya kununua nyumba za kupangisha ambayo husifiwa sana siku hizi, hata katika vyumba vya walimu wakati wa chai. Inasemekana kwamba mtu asiye na fedha nyingi, na ambaye benki zimemchosha kwa masharti yake, anaweza kumtafuta mwenye nyumba aliyelemewa na mkopo, ampe fedha kiasi mkononi, kisha aendelee kuulipa mkopo huo mahali pake huku akikusanya kodi ya wapangaji. Mwuzaji anapumua, mnunuzi anapata jengo, na benki inaendelea kupokea fedha zake kila mwezi. Kila mtu, twaambiwa, anafurahi.

Maoni yangu ni kwamba furaha hiyo ina mashaka makubwa ikiwa benki yenyewe haikushirikishwa. Sisemi kwamba ununuzi wa namna hiyo ni haramu au hauwezekani. Unawezekana, na pengine huzifaa pande zote tatu. Lakini deni halihami kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine kwa sababu wao wawili wamekubaliana. Huhama siku mdai anapotia sahihi yake. Asiyelifahamu jambo hili anaweza kulipa kwa miaka kumi na asimiliki hata mlango.

Hebu tuchukue mfano ambao mwalimu wa hisabati anaweza kuuandika ubaoni. Mtu ana jengo la vyumba sita pembezoni mwa mji, lenye thamani ya shilingi 6,000,000. Katika mkopo aliojengea bado anadaiwa shilingi 3,500,000, ambazo zitalipwa kwa miaka kumi kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka. Malipo yake ya kila mwezi ni karibu shilingi 52,300. Kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 10,000, kwa hiyo kodi yote ni shilingi 60,000. Mnunuzi anamkabidhi mwuzaji shilingi 2,500,000, ambazo ni tofauti baina ya thamani na deni, kisha anachukua jengo pamoja na mzigo wa kulipa. Kwa hesabu ya haraka, jengo linajilipia lenyewe, na mnunuzi anabaki na shilingi 7,700 kila mwezi.

Tuiache hesabu hiyo kwa sasa, tutairudia. Kwanza tuulize watu hawa wawili wamefanya nini hasa. Nyumba inapowekwa rehani, mambo matatu hufungamana: umiliki, deni, na rehani yenyewe. Umiliki ni jina lililoandikwa katika daftari la Msajili wa Ardhi. Deni ni ahadi ya aliyekopa kwamba atalipa. Rehani ni haki ya mkopeshaji juu ya ardhi ile, kwamba asipolipwa ataiuza ajilipe. Sasa wale wawili wameandikiana karatasi, fedha zimetolewa na kupokewa, na wapangaji wameambiwa wamlipe mwenye nyumba mpya. Je, jina daftarini limebadilika? La. Je, ahadi ya kulipa imehama? La, kwa kuwa aliyeahidiwa ni benki, nayo haijamfungua aliyeahidi. Je, rehani imeondoka? La hasha.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haikuliacha jambo hili gizani. Kifungu cha 88 kinamfunga aliyeweka rehani asiihamishe ardhi hiyo bila idhini ya maandishi ya mkopeshaji, ingawa kifungu hicho hicho kinasema kwamba idhini isizuiwe pasipo sababu ya haki. Kifungu cha 87 nacho kinamkataza Msajili kuandikisha uhamisho mpaka idhini hiyo iletwe mbele yake. Kwa hiyo mnunuzi wa sirini hana hatimiliki, wala hana njia ya kuipata. Alicho nacho ni neno la mwuzaji. Waswahili husema mtu wa namna hiyo ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na katika jambo hili gunia lenyewe limefungiwa katika kabati la benki.

Ikumbukwe pia kwamba mwuzaji aliyebaki na jina lake daftarini amebaki na uwezo mwingi. Kama mkataba wake na benki unaruhusu, aweza kuongeza mkopo juu ya hatimiliki ile ile, na deni ambalo mnunuzi alidhani linapungua likaanza kupanda. Wadai wake wengine wanaweza kulitazama jengo hilo kama mali yake. Akifa, jengo linaingia katika hesabu ya mirathi, na warithi ambao hawakujua lolote wanamjia mnunuzi na maswali. Wengine hudhani hati ya uwakilishi iliyotiwa sahihi na mwuzaji ni kinga ya kutosha. Hati hiyo kwa kawaida hukatika mtoaji anapofariki, yaani wakati ule ule ambapo mnunuzi angeihitaji zaidi.

Nilifundisha pamoja na mwalimu mmoja ambaye sitamtaja jina. Alipostaafu alitumia sehemu kubwa ya malipo yake ya mkupuo kununua vyumba vya kupangisha vilivyokuwa rehani. Mwuzaji alimwambia kwamba benki haipokei malipo ila kutoka kwa mkopaji mwenyewe, kwa hiyo kila mwezi mwalimu alimtumia mwuzaji fedha kwa simu, naye mwuzaji akazipeleka benki. Kwa muda wa miaka miwili mambo yalikwenda sawa. Kisha duka la mwuzaji likaanza kuyumba, na fedha za vyumba zikawa zinaziba matundu ya duka. Mwalimu hakujua. Aliendelea kutuma, tena kabla ya tarehe, kwa maana alikuwa mtu wa saa na daftari. Habari alizipata siku tangazo la mnada lilipobandikwa langoni.

Alikwenda benki na bahasha nene ya stakabadhi. Alipokewa kwa adabu, akasikilizwa mpaka mwisho, kisha akaambiwa kwamba mkopaji wao ni mtu mwingine na kwamba mambo ya mkopaji huyo hawawezi kuyajadili na mgeni. Vyumba viliuzwa. Alimshitaki mwuzaji, akashinda, na hukumu hiyo ameiweka sandukuni mpaka leo, kwa kuwa aliyeshindwa hana kitu cha kukamatwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Lakini mwalimu huyu daftari alikuwa nalo. Tatizo ni kwamba jina lake halikuwa katika daftari linalotambuliwa.

Baadhi ya wasomaji watauliza: je, sheria haimpi mtu nafasi kabla ya mnada? Inampa, tena kubwa. Mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji sharti ampe notisi ya siku zisizopungua 90 ili arekebishe mambo. Zikipita bila malipo, kuna notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Dalali naye, kwa kanuni za mwaka 1997, hutoa notisi ya siku 45 ili mwenye mali aikomboe. Lakini notisi hizi huelekezwa kwa mkopaji, na kwa watu wengine waliotajwa na sheria ambao mkopeshaji anawajua. Mnunuzi wa sirini hajulikani. Miezi inayotolewa na sheria ili mtu ajinusuru huishia katika sanduku la posta la mtu mwingine. Na nyumba ikishauzwa, kifungu cha 99 kinamlinda aliyeinunua mnadani, na mwenye malalamiko juu ya jinsi uuzaji ulivyofanywa hubaki kudai fidia. Kuirudisha nyumba ni jambo gumu sana.

Tusidhani kwamba anayeumia ni mnunuzi peke yake. Mwuzaji naye huondoka akiimba kwamba ametua mzigo, ilhali mzigo ungali mabegani pake. Mnunuzi akichelewa, jina linalopelekwa kwa mashirika ya kuhifadhi taarifa za mikopo ni la mwuzaji. Nyumba ikiuzwa mnadani kwa bei isiyotosha kulipa deni, salio litadaiwa kwake. Na kama ni mwalimu ambaye mkopo wake hukatwa katika mshahara, makato hayo yanaendelea kumbana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote kupita thuluthi mbili za mshahara. Hivyo anapokwenda kwa chama chake cha ushirika kuomba mkopo wa karo, ataambiwa nafasi imejaa, na iliyoijaza ni nyumba aliyokwisha kuuza.

Wapo wanaoitetea njia hii kwa kutaja Marekani, wakisema kwamba huko watu wametajirika kwa kuchukua mikopo ya wauzaji. Ni kweli kwamba njia hiyo inajulikana sana huko, lakini ni vyema tukaelewa sababu yake. Mmarekani anaweza kukopa kwa miaka 30 kwa riba isiyobadilika hata kidogo. Mapema mwaka 2021 riba ya wastani ya mikopo hiyo ilikuwa chini ya asilimia 3. Kufikia Oktoba 2023 ilikuwa imekaribia asilimia 8. Anayeuziwa nyumba pamoja na mkopo wa mwaka 2021 amepewa urithi wa riba ndogo ambayo hakuna benki ingempa leo. Hiyo ndiyo asali inayowavuta.

Hata huko, wakopeshaji hawakukaa kimya. Riba ilipopanda katika miaka ya 1970, waliona mikopo yao ya bei rahisi ikipitishwa mkono kwa mkono, wakategemea sharti linalosema kwamba nyumba ikiuzwa, deni lote linadaiwa papo hapo. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya jimbo la California iliamua kwamba sharti hilo lisitumiwe ovyo kwa sababu tu nyumba imeuzwa. Ushindi huo haukudumu. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani iliunga mkono wakopeshaji wa shirikisho, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya Garn-St Germain iliyolipa sharti hilo nguvu karibu kote nchini. Mikopo inayodhaminiwa na serikali kupitia mashirika ya FHA na VA bado yaweza kuchukuliwa na mnunuzi, lakini siku hizi kwa idhini, na baada ya mnunuzi kuchunguzwa uwezo wake. Tena, kwa mikopo ya FHA iliyotolewa tangu mwishoni mwa 1989, milango kwa kawaida imefungwa kwa mtu anayenunua ili apangishe badala ya kuishi humo. Kwa ufupi, wale wanaotajwa kuwa mfano wetu nao wamerudi pale pale: mwite mwenye deni lake.

Hapa nchini hata asali yenyewe ni adimu, kwa kuwa mikopo mingi ya nyumba hutolewa kwa riba inayobadilika. Anayechukua mkopo wa mwuzaji harithi riba ya zamani. Anarithi riba ya leo, na ya kesho asiyoijua. Kiwango cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa asilimia 7 mwaka 2021. Kufikia Februari 2024 kilikuwa asilimia 13, na kikaanza kuteremshwa Agosti mwaka huo. Sisi wenye umri mkubwa tunakumbuka mwaka 1993, hati za hazina za serikali zilipofikia riba ya zaidi ya asilimia 70, na riba za mikopo ya watu wa kawaida nazo zikapanda. Tangu wakati huo sheria imejaribu kuweka mipaka. Mwaka 2007 ilianza kutumika kanuni ya kuzuia riba ya mkopo ulioshindikana isizidi deni lenyewe, na kati ya 2016 na 2019 kulikuwa na kikomo cha riba za benki, ambacho kiliondolewa baadaye.

Sasa na tuirudie ile hesabu ya ubaoni. Riba ikipanda kutoka asilimia 13 hadi 16, malipo ya mwezi yatafika karibu shilingi 58,600, na zile 7,700 za mnunuzi zitabaki 1,400. Ikifika 18, malipo yatakuwa karibu 63,100, na hata vyumba vyote sita vikiwa na wapangaji mnunuzi atatoa mfukoni mwake kila mwezi. Na hii ni kabla ya kuikumbuka serikali. Tangu Januari 2024, kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha ni asilimia 7.5 ya kodi yote inayokusanywa, bila kuondoa gharama. Kwa jengo letu hiyo ni shilingi 4,500 kwa mwezi, hivyo hata kwa riba ya asilimia 13 anabaki na 3,200 tu. Chumba kimoja kikikaa wazi mwezi mmoja, shilingi 10,000 zimekwenda, na paa halijavuja bado. Jengo lililosemekana kujilipia lenyewe linalipiwa na mshahara wa mwalimu.

Basi afanyeje mtu anayeitamani nyumba iliyo rehani? Sitaki makala haya yamfukuze mwenye nia njema. Kwanza, afanye upekuzi katika masijala ya ardhi ili aone rehani zote zilizoandikishwa, kwa maana mara nyingine ziko mbili. Pili, amtake mwuzaji aiandikie benki ili itoe taarifa rasmi ya deni lililosalia, malimbikizo yaliyopo, na madeni mengine ya mwuzaji yanayotegemea hatimiliki hiyo. Mwuzaji anayekataa hatua hii ameshajibu maswali yote.

Baada ya hapo kuna njia tatu za halali. Ya kwanza ni mnunuzi kulipa sehemu ya bei moja kwa moja benki, deni likaisha, benki ikaiachilia hatimiliki kwa wakili wa mnunuzi chini ya ahadi rasmi za mawakili, na salio ndilo likaenda kwa mwuzaji. Ya pili ni benki ya mnunuzi kulilipa deni la benki ya mwuzaji na kuandikisha rehani mpya kwa jina la mnunuzi. Ya tatu ndiyo ile tunayoizungumzia: benki ya mwuzaji inamchunguza mnunuzi, inamkubali, na pande tatu zinatia sahihi mkataba mmoja unaomfungua mwuzaji kwa maandishi na kumfunga mnunuzi, kisha uhamisho unaandikishwa huku rehani ikibaki mahali pake. Njia hii hutegemea hiari ya benki, lakini ikipatikana humwacha kila mtu akijua anasimama wapi.

Katika njia zote hizo, mkataba sharti uwe wa maandishi, utiwe sahihi na ushuhudiwe, kama Sheria ya Mikataba inavyotaka kwa mambo ya ardhi. Idhini ya mume au mke wa mwuzaji itafutwe ikiwa ni mali ya ndoa. Kama ni shamba, idhini ya Bodi ya Ardhi ipatikane. Ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani mjini na 2 mashambani, uingizwe katika hesabu tangu mwanzo, kwa kuwa katika mfano wetu hizo ni shilingi 240,000 ambazo wengi huzikumbuka wakiwa wamekwisha kumaliza akiba.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba benki huchelewa, mawakili hula fedha, na kwamba lililomfanya mtu akimbilie njia ya mkato ni kwamba benki isingemkubali. Malalamiko hayo yana ukweli, na benki zetu zingefanya vyema kuwa na utaratibu ulio wazi kwa mkopaji aliyeelemewa anayetaka kumkabidhi mwingine nyumba kabla ya mnada, badala ya kumzungusha dirisha hadi dirisha. Lakini mnunuzi ambaye benki imempima ikaona kipato chake hakitoshi, hawi na kipato zaidi kwa kulipa kwa siri. Na hoja ya gharama haina uzito mtu anapolinganisha ada ya wakili na shilingi 2,500,000 anazomkabidhi mtu asiyeweza kumpa hatimiliki.

Neno la mwisho ni kwa walimu wenzangu. Wanafunzi wetu wanafundishwa kukokotoa riba, wanafaulu mtihani, kisha wanaingia duniani wakiwa hawajawahi kuulizwa deni ni la nani, nani ameliandika, na nani ana haki ya kuiuza nyumba. Kukopa harusi, kulipa matanga, ni methali wanayoijua tangu darasa la nne. Ingefaa waongezewe swali moja tu katika zoezi la riba: katika mkataba huu, ni nani ambaye sahihi yake haipo? Kijana aliyezoea kuuliza hivyo akiwa darasani hatakuja kumpa mgeni akiba ya maisha yake kwa nyumba ambayo ufunguo wake uko kwa mtu wa tatu.